Joto la Watu wa Pwani

Mama aliteremka kutoka Marangu mwezi wa pili, kiangazi kimeshika, akiwa amevaa sweta. Nilimwona kupitia dirishani akishuka kwenye bajaji: sweta zito la bluu, gauni la mikono mirefu, kitenge juu ya gauni, kitenge kingine kichwani, na soksi. Soksi, jamani! Huku chini kwetu hata mbwa walikuwa wamechimba mashimo chini ya matangi ya maji, wakajilaza humo tangu asubuhi. Dereva wa bajaji alikuwa ameloa jasho mpaka ukosi. Mama akamtazama kwa huruma akamuuliza, "Pole baba, unaumwa?"

Alikuwa amekuja kunilea. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, na kwetu mlimani mzazi halelewi kwa maneno. Anawekwa ndani, anafunikwa, analishwa mtori wa ndizi na nyama asubuhi na jioni mpaka mashavu yafunike macho, na kwa miezi mitatu hagusi maji baridi wala jembe. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya mama mkwe, lakini mama mkwe wangu yuko Tanga, na mama hakusubiri kuulizwa. Alikuwa ameisubiri kazi hiyo tangu nilipoolewa. Miaka ilikuwa imepita, majirani wakaacha kuuliza kwa heshima, na yeye akaendelea kufuma visweta vidogo na kuvificha chini ya godoro. Kwa hiyo siku ile aliposhuka na mikungu ya ndizi, mablanketi na dumu la maziwa, hakuwa amekuja kutembea. Alikuwa amekuja kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona dirisha liko wazi?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza, kabla hata hajamwona mtoto.

Sisi tunaishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, kwenye tambarare ya kusini mwa Moshi mjini. Mume wangu ni fundi kiwandani. Ukisimama mlangoni kwetu unaona miwa, halafu miwa, halafu juu kabisa, mawingu yakiondoka, unauona Mlima umekaa na theluji yake. Watu wa juu wakitamka neno "chini" wanalitamka kwa masikitiko. Kwao chini ni mbu, vumbi na watu waliotoka mikoa mingine. Na kwa mwezi wa pili hawakosei sana, kwa sababu joto la huku si mchezo. Bati linaanza kulia ko, ko, ko kuanzia saa nne, na siagi ukiiacha mezani, ukirudi unakuta mafuta.

Wiki ile redio ilikuwa inatangaza joto kali katika mikoa ya pwani. Watu wanywe maji ya kutosha, wasikae juani mchana, wavae nguo nyepesi, wawaangalie sana watoto wachanga na wazee. Mama alikuja na redio yake ndogo, haachani nayo kwa sababu ya ibada ya asubuhi, na tangazo lile alilisikiliza lote kwa makini. Lilipokwisha akatikisa kichwa.

"Pole zao watu wa Tanga," akasema.

Mume wangu, mtu wa Tanga, akatazama sakafu.

"Mama, hata sisi tunaungua," nikamwambia.

"Sisi tuko Kilimanjaro." Akanyoosha kidole kwenye theluji. "Umewahi kuona ile kitu Tanga?"

Kwa mama, joto lilikuwa ugonjwa wa watu wa pwani, na mtu anayekiona kilele cha Kibo kwa macho yake hawezi kuugua joto. Mimi sikuwa na utani. Mama ana presha, na vidonge vyake anavimeza siku anazokumbuka. Redio ilikuwa imetaja watu wa aina mbili wa kuangaliwa, watoto wachanga na wazee. Wote wawili walikuwa chumbani kwangu, na mmoja alikuwa anamvalisha mwenzake kofia ya sufu.

Basi tukaanza vita vya dirisha. Mama alifunga kwa sababu upepo ungemwingia mtoto kifuani na mimi mgongoni. Mimi nilikuwa nimelala chini ya blanketi, natoka jasho mpaka kitanda kinateleza. Mume wangu, kwa heshima, hawezi kubishana na mama mkwe wake, hata chumbani haingii mama akiwepo. Basi anazunguka nje ya nyumba akijifanya anakagua ukuta, na anapopita anasukuma dirisha kwa kidole kimoja. Mama analifunga. Naye anakagua ukuta tena. Siku ya kwanza nilicheka. Siku zilizofuata sikucheka, maana mtoto alianza kutoka vipele shingoni na mgongoni, vidogo vyekundu, na analia kilio cha kuchoka.

"Mtoto anaungua," nikasema.

"Mtoto anaona baridi. Ndiyo maana analia."

"Mama, vua hiyo kofia!"

"Wewe mwenyewe nilikuvalisha hivi hivi, mbona hukufa?"

"Mimi nilizaliwa Marangu mwezi wa saba, hata kuku wanakohoa!"

Nesi wa kliniki alikuja akasema yale yale niliyosema mimi. Mama akamkaribisha uji, akamshukuru vizuri, na alipotoka tu akasema yule binti bado hajazaa, atajua nini. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu ananijua. Nilirusha mto ukutani. Mama akauokota, akaukung'uta, akaniwekea mgongoni, akasema mzazi akiwa na hasira maziwa yanachacha. Sasa mtu kama huyo utamfanyaje?

Jioni hiyo mume wangu akaenda nyuma ya nyumba na simu. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mama, hebu panda basi uje."

Nikasema Mungu wangu, sasa ndiyo nyumba itawaka kweli. Mabibi wawili, mjukuu mmoja, chumba kimoja, na dirisha lenyewe moja.

Mama mkwe alifika kesho yake, mwembamba, kanga mbili nyepesi na kandambili, amepakata mtungi wa udongo safari nzima toka Tanga. Wakasalimiana kwa adabu zote, wakaulizana habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, mpaka nikachoka kusubiri. Halafu mama mkwe akampakata mtoto, akaigusa ile kofia kwa ncha za vidole.

"Mwenzangu, hii umefuma kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu," mama akasema, kifua mbele.

"Na mnamvalisha mtoto kila siku aicheulie maziwa? Aka! Kitu cha hivi kinatunzwa, kivaliwe siku ya ubatizo kanisa zima likione."

Mama akaitazama ile kofia tena. Nikaona anavyolipima lile neno. "Kweli," akasema mwishowe, "madoa ya maziwa kwenye sufu hayatoki." Akaivua kofia mwenyewe. Akavua na kisweta, akavua na vile viatu vya kufuma, akavikunja vizuri akaviweka kabatini. Mimi nilikuwa nimepiga kelele wiki nzima! Hawa watu wa pwani wanakuchukulia kitu chako mkononi huku wewe ndiye unayesema asante.

Tangu hapo nyumba ikawa na utaratibu. Kabla jua halijachomoza mama mkwe anafungua milango na madirisha yote ili nyumba ivute hewa ya asubuhi. Kupika kunakwisha mapema. Jua likishaanza kuuma anafunga upande unaopigwa, anafunika na pazia, na upande wa kivuli anatundika kanga iliyolowekwa maji, upepo upite hapo ukija ndani. Mtoto anavaa nepi na kikanga chepesi, basi. Ananyonya kila saa anapotaka. Maji yangu ya kunywa yanatoka kwenye mtungi, yamepoa vizuri, yana ndimu na chumvi kidogo. Vipele vikaanza kukauka. Mtoto akaanza kulala usingizi wa kweli, mdomo wazi, mikono juu.

Nikadhani nimepona. Wapi! Jioni ya kwanza tu mama mkwe akabandika sufuria kubwa la maji na majani ya mchaichai, akasema sasa anataka kunikanda tumbo na nyonga.

Mama akainua kichwa. "Maji ya moto?"

"Ya moto hasa, mwenzangu. Mzazi asipokandwa atakuja kulalamika uzeeni."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wanatabasamu pamoja. Mmoja akanishika mkono huu, mwingine mkono ule, wakaniingiza bafuni, nikapiga mayowe mpaka jirani akaja kugonga mlango. Mabibi wakamjibu kwa pamoja kwamba hakuna tatizo, ni mzazi tu anadeka.

Kitu kimoja kilimshinda mama kabisa: kulala mchana. Mama mkwe alikuwa anasema kuanzia saa sita mpaka saa tisa mwili wa mtu si wa kazi. Anatandika mkeka sakafuni, anajinyoosha, anakoroma. Mimi na mtoto tunalala. Mama anakaa kwenye kiti, wima, na sweta lake, anatuangalia.

"Jinyooshe kidogo, mama," namwambia.

"Kwetu mtu akilala saa sita mchana anaitiwa mchungaji."

Hakuwa anatania sana. Mama ni mwanamke wa mlimani. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kumwona amekaa mikono ikiwa mitupu. Anaamka, anakamua, anakata, anabeba, anapika, na akikaa anafuma. Sasa hapa kwangu mtori unapikwa na mama mkwe, na niseme ukweli, alikuwa ameshajifunza akaupika vizuri. Mtoto anaogeshwa na mama mkwe. Nguo zinafuliwa na mume wangu alfajiri, jambo ambalo mama alilitazama kwa mshangao mkubwa. Mama akabaki anahamisha vikombe kutoka meza hii kwenda ile. Niliona, nikasema atazoea, likizo haimuui mtu.

Jioni moja jua lilipopoa nikamwambia mume wangu amtembeze kidogo mpaka kwenye mfereji wa maji ya miwa. Alirudi amebadilika uso.

"Yale majani ya pale kwenye mfereji ni ya nani?" akaniuliza.

"Si ya mtu, mama."

"Yanaliwa na nani?"

"Hayaliwi. Yakizidi wanayachoma."

Akakaa chini taratibu, mkono kifuani, utadhani nimempa habari ya msiba. Lazima uwe umekulia kule juu ndipo uelewe. Kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ni kidogo, kimejaa migomba na kahawa, ng'ombe amefungwa bandani, na kila anachokula lazima kiletwe na mwanamke kichwani. Mwezi wa pili kule juu hakuna jani. Wanawake wanakatakata migomba, wanangoja lori la majani litoke chini, wanagombania. Mama alikuwa amewaacha ng'ombe wake wawili kwa jirani, na kila asubuhi kwenye simu swali la kwanza lilikuwa wamekula nini. Halafu anakuta majani mabichi yamesimama mpaka kiunoni, yanangoja kiberiti!

Mume wangu alimwambia kwa upole, "Mama, nitakukatia mwenyewe Jumamosi asubuhi, tutayapandisha."

"Asante baba," mama akasema. Hiyo asante ingenishtua, maana mama akikubali jambo haraka hivyo ujue hajakubali. Lakini nilikuwa naitwa bafuni nikakandwe, maji yamechemka.

Kumbe nilipotoka huko na kulala, mama alipiga simu. Kuna jamaa wa kwetu anashusha ndizi sokoni Moshi kwa lori dogo, Canter, na kurudi nalo tupu. Mama aliongea naye kwa Kichagga, mama mkwe amekaa pale pale anachambua mchele, hakuambulia neno. Walikubaliana kesho yake alasiri gari lipite kwenye njia ya miwa kuchukua mzigo. Na muda wa kuukata huo mzigo mama aliuchagua vizuri kabisa, saa ambayo watu wa nyumba hii wote wamelala na hakuna wa kumzuia.

Niliamka kwa sababu ya ukimya. Mtoto alikuwa amelala ubavuni kwangu. Mama mkwe yuko kwenye mkeka, amelala fofofo. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Nikaita. Nikatazama chooni, jikoni, nyuma ya nyumba. Mundu tunaofyekea uani haukuwa nyuma ya mlango. Hapo nikajua mara moja amekwenda wapi. Jua lilikuwa limesimama kichwani, uani hakuna hata kuku.

Nilimwamsha mama mkwe kwa kumtikisa. Tukampa jirani mtoto, nikatoka mbio, mimi mzazi nisiyetakiwa kuvuka kizingiti, mshono bado unanivuta, kanga moja kiunoni. Mama mkwe nyuma yangu ananiita, "Polepole, mwanangu, polepole!" lakini naye alikuwa anakimbia, amebeba ndoo. Sijui alipata wapi akili ya kubeba ndoo.

Tuliyaona majani kwanza. Mizigo imefungwa vizuri, imepangwa kando ya mfereji mmoja baada ya mwingine, kazi safi kabisa ya mama yangu. Kwenye mzigo wa mwisho alikuwa ameegemea, miguu imenyooka, mundu mkononi. Nikamshukuru Mungu kwamba amekaa. Nikamshika shavu. Lilikuwa la moto, na kavu. Hakuwa na jasho hata tone.

"Mama!"

Alinitazama bila kunitambua sawasawa, akaniambia kwa Kichagga nikamfunge ndama, mvua inakuja. Mbingu nyeupe, hakuna wingu hata moja. Nikaanza kulia kwa sauti, nasema mama, mama, hakuna ndama hapa.

Mama mkwe akanisukuma pembeni. Yule mama wa maneno laini hakuwepo tena. "Shika miguu. Kivulini." Tukamburuta mpaka chini ya mwarobaini. "Mvue."

Nikafungua kitenge, nikaenda kwenye vifungo vya sweta, mama akavishika. Hajitambui vizuri lakini vifungo anavishika kwa mikono miwili, kwa sababu mama mkwe wangu yupo mbele yake. Mama mkwe akapiga magoti. "Mwenzangu, nisamehe sana, radhi tutaombana baadaye," akasema, akavuta, vifungo vikaruka. Tukakuta ndani kuna sweta jingine.

Tulitazamana. Hata pale, nalia, nilitaka kucheka.

Tukalivua nalo, tukamwacha na gauni la ndani. Mama mkwe akachota maji ya mfereji akammwagia shingoni, kwapani, kifuani, ndoo baada ya ndoo, mimi napepea kwa kitenge kilicholowa. Nikataka kumnywesha, akanipiga mkono. "Usimnyweshe hajijui, atapaliwa. Pepea!" Nikapepea. Nilimpigia mume wangu, sikumbuki nilimwambia nini, lakini bajaji ilikuja inaruka kwenye matuta ya shamba, na mume wangu amening'inia pembeni na shati lake la kazi. Aliona mama mkwe wake na gauni la ndani, akageuza uso, akavua shati akalinyoosha kwetu bila kutazama. Tukampeleka zahanati tukiendelea kummwagia maji njia nzima. Dereva hakusema kitu juu ya viti vyake.

Wauguzi waliendelea kumpoza, wakamtundikia dripu. Mganga wa zahanati alituambia tumemwahi, na kwamba maji yale ya mfereji ndiyo yamefanya kazi kubwa. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya zahanati. Kitu kibaya nilikuwa nakijua bila kuambiwa: tungelala mpaka saa tisa, kama kawaida yetu, nisingekuwa na mama.

Jua lilipokuwa linaanza kushuka akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, sasa anatujua. Akalamba midomo.

"Gari limeshakuja kuchukua majani?" akauliza.

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Gari lilikuwa limekuja kweli, na mume wangu, aliporudi kuchukua nguo za mama, alilikuta njiani, akapakia mizigo yote kwa mikono yake. Tulipomwambia, mama akafumba macho kwa raha. Akasema na ile mizigo miwili ya mwanzo ina majani mazuri zaidi, wampe ng'ombe anayekamuliwa.

Walimruhusu kesho yake asubuhi na masharti: apumzike, anywe maji, ameze vidonge vyake, asiende juani. Tulimlaza kitandani kwangu, mimi nikahamia kwenye mkeka. Mama mkwe akamfunika kanga nyepesi, akaenda jikoni kumkorogea uji. Ilipokaribia saa sita nikasikia kitanda kinalia. Mama ameshaketi, anatafuta kandambili kwa miguu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna vyombo vile."

Basi hasira zangu zikafika. "Mama, hivi unataka nini? Unataka kufa kwa ajili ya majani?"

Aliangalia mikono yake. Halafu akasema polepole, bila ukali, "Nimekuja kulea, nimekuta nalelewa. Mwenzangu anajua kila kitu cha huku. Mimi sijui hata lini dirisha lifunguliwe. Nikasema ng'ombe angalau wananihitaji."

Mama yangu si mtu wa kusema vitu kama hivyo. Alitutunza kwa kutulisha na kutugombeza, hatukuwahi kuambiana mengine. Kama ningekuwa na busara ningemjibu taratibu. Mimi nilimpigia kelele.

"Miaka yote ile unadhani nilikuwa naomba mtoto tu? Nilikuwa naomba mtoto utakayemshika wewe! Kila mwezi nilikuwa naona nachelewa, si mimi ninayezeeka, ni wewe! Mungu kanipa, kaniwahi, halafu wewe unakwenda kujiua kwenye mfereji? Mimi nitamwambia nini huyu mtoto? Sitaki mtori wako, sitaki kazi yako, nataka uwepo! Rudi kitandani. Lala!"

Jikoni sufuria ilinyamaza. Sijawahi kumpazia mama sauti hivyo. Vita vya dirisha vilikuwa kelele za mdomoni tu, na kwetu mtu hamwamrishi mzazi wake, labda kama anataka laana. Nilisubiri anijibu. Nilisubiri aniambie yeye ndiye aliyenizaa, na kwamba maziwa yatachacha, lolote.

"Haya," mama akasema.

Akainua miguu akairudisha kitandani, mmoja, halafu mwingine, taratibu. Akaweka kichwa kwenye mto. Akavuta kanga mpaka kifuani, akafumba macho, saa sita mchana, kwa sababu nimemwambia. Mama yangu, aliyewashinda madaktari, nesi, redio na mume wangu, alinitii mimi. Nikaona jinsi mkono wake ulivyokuwa mdogo juu ya kanga ile. Nikaanza kulia, na nililia kuliko nilivyolia shambani, nikawa nageukia ukuta ili asinisikie.

"Sasa unalia nini?" akauliza, macho bado yamefumbwa. "Si nimelala?"